Mazungumzo ya jamaa: Nani anasoma daftari?



Juma hili napenda kumjibu kijana mmoja aliyeniandikia barua ndefu, karatasi mbili pande zote. Amemaliza masomo ya sekondari, hana kazi, na mjomba wake amemwahidi fedha kidogo za kuanzia biashara. Aniuliza hivi: «Mwalimu, nifanye nini? Mjomba asema nitajirike kwanza, kisha nitausaidia ukoo na kijiji. Padri wetu asema tuungane katika chama cha ushirika. Na katika mkutano wa vijana tulifundishwa kwamba nchi yetu itageuzwa na wajasiriamali. Nani kati yao asema kweli?»

Mdogo wangu, swali hilo si lako peke yako. Nalisikia darasani, nalisikia mlangoni pa kanisa baada ya Misa, nalisikia hata msibani. Watu wote wamechoka na umaskini, na kila mtu aonyesha njia yake. Lakini kabla sijakujibu sharti niungame kosa langu mwenyewe, kwa maana afundishaye wengine asifiche mahali alipoanguka.

Miaka saba iliyopita, katika parokia nilimokuwa nikifundisha, wafadhili walituletea mashine ya kusaga. Hapo kwanza akina mama walikuwa wakitembea saa mbili, mizigo ya mihogo mikavu na mahindi kichwani, hata kufika penye mashine ya mfanyabiashara mmoja, na saa mbili nyingine kurudi. Tulifurahi sana. Tukaunda chama, tukachagua mwenyekiti na mtunza fedha, nami nikawa mwandishi kwa sababu watu walisema nina mwandiko mzuri. Siku ya kufungua tulipiga ngoma, tukachinja mbuzi wawili. Tukaandika kanuni 24 za chama kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa! Wanachama walikuwa 60, na walioweza kuzisoma kanuni zile hawakufika 5.

Miezi minne mashine ilisaga vizuri. Mwezi wa tano mkanda ulikatika. Tukaenda kutafuta fedha za mkanda mpya, sandukuni hamna kitu. Mtunza fedha akasema amemkopesha mwenyekiti. Mwenyekiti akasema fedha zilikwenda katika mazishi ya mtu mkubwa. Wanachama wao wakauliza: «Fedha gani? Hatukujua kwamba tulikuwa na fedha.» Hapo nikashikwa na haya, kwa maana daftari la hesabu lilikuwa mkononi mwangu, wala sikuwahi kulisoma mbele yao hata siku moja. Leo mashine ile imeota kutu, na mbuzi hulala chini ya banda lake wakati wa mvua. Akina mama wanatembea saa mbili kama zamani.

Nimejiuliza mara nyingi: Tulipungukiwa na nini? Mashine tulikuwa nayo. Mtaji tulikuwa nao. Hata muhuri wa chama tulikuwa nao, wa mpira, wenye picha ya hindi. Jibu nililipata nikisoma habari za wavuvi wa nchi ya mbali, walioanza bila mashine, bila mtaji, na bila muhuri. Sikilizeni, niwasimulie.

WAVUVI WASIOONA FEDHA

Upande wa mashariki wa Kanada, pale nchi inapoingia katika bahari ya Atlantiki, liko jimbo liitwalo Nova Scotia. Wengi wetu hudhani kila mzungu alizaliwa na fedha mfukoni. Si kweli. Katika miaka ya 1920 wavuvi wa pwani ile waliishi katika dhiki kubwa. Nyumba zao zilikuwa duni, watoto wengi waliacha shule mapema, na vijana walihama kwa wingi kwenda kutafuta kazi Boston na miji mingine ya Marekani.

Bahari ilikuwa na samaki. Basi umaskini ulitoka wapi? Ulitoka katika daftari. Mfanyabiashara mmoja ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu, chumvi, unga na nguo mwanzo wa msimu. Na huyo huyo ndiye aliyenunua samaki mwisho wa msimu. Bei ya unga alipanga yeye, bei ya samaki alipanga yeye. Msimu ulipokwisha alifungua daftari, akatoa deni katika samaki, na mara nyingi mvuvi alirudi nyumbani bila senti, akiwa na deni jipya. Wavuvi wa ziwa Tanganyika na wa ziwa Kivu wasomao maneno haya hawana haja nieleze zaidi.

Katika mji mdogo wa Antigonish palikuwa na chuo kikuu cha Kikatoliki, kilichopewa jina la Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Mmoja wa wakuu wake alikuwa Padri Jimmy Tompkins, aliyezaliwa mwaka 1870, mtu mdogo wa umbo, asiyetulia. Mwaka 1921 alitoa kijitabu akidai kwamba elimu iwafikie watu wote, isifungwe ndani ya kuta za chuo. Mwaka uliofuata, baada ya kutoelewana na wakubwa wake, aliondolewa chuoni akapelekwa Canso, parokia ya wavuvi mwisho kabisa wa nchi. Wengine wangelia na kusema: nimetupwa. Yeye alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akiwauliza wavuvi maswali na kuwaachia magazeti na vijitabu vya kusoma.

Tarehe 1 Julai 1927 Kanada ilisherehekea miaka 60 ya kuungana kwa majimbo yake. Bendera zilipepea kila mahali. Wavuvi wa Canso wakakusanyika, wakaulizana: «Sisi tusherehekee nini?» Habari ikaenea katika magazeti, mapadri wa jimbo wakapaza sauti, na mwaka huo huo serikali ikaweka tume ya kuchunguza hali ya wavuvi. Mbele ya tume alisimama jamaa yake Tompkins, Padri Moses Coady, aliyezaliwa mwaka 1882, mwalimu wa chuo kile, mtu mrefu mwenye kifua kipana. Yeye alisema kwamba wavuvi waweza kujiinua wenyewe, wakifundishwa na kuunganishwa.

Maneno hayo yalizaa matendo. Mwaka 1928 chuo kikuu kiliamua kuanzisha idara ya kupeleka elimu kwa watu, na Coady akawekwa kuiongoza. Akatumwa pia na serikali kuwakusanya wavuvi. Akaizunguka pwani yote katika baridi na theluji, na mwaka 1930 wajumbe wa wavuvi wakakutana mjini Halifax, wakaunda umoja wao.

DARASA LA JIKONI

Sasa tazameni jinsi kazi ilivyofanyika, kwa maana hapa ndipo mimi na wenzangu wa mashine tulipopotea.

Kwanza uliitwa mkutano mkubwa, katika ukumbi wa parokia au katika shule. Coady hakuja na ahadi ya fedha. Aliwaambia watu kwamba wana akili na mikono, kwamba wamelala, na kwamba hakuna mwingine atakayewaamkia. Baada ya mkutano watu waligawanyika katika vikundi vidogo vya majirani. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa juma, jioni, nyumbani kwa mmoja wao, mara nyingi jikoni penye joto, wakizunguka meza. Chuo kilipeleka vijitabu vyenye maneno mepesi. Ajuaye kusoma aliwasomea wasiojua. Kisha wakajadiliana: Twaishije hapa? Kwa nini sisi ni maskini? Ni jambo gani moja tuwezalo kulifanya sisi wenyewe? Kila mwezi viongozi wa vikundi walikutana, kila kikundi kikaeleza kilichojifunza. Wakatoliki na Waprotestanti walikaa meza moja, kwa maana deni halimwulizi mtu dini yake.

Nao akina mama hawakuachwa nyuma. Walikuwa na vikundi vyao, na masista wa Mtakatifu Marta walifanya kazi katika idara ile ya chuo, wakitayarisha vijitabu na vitabu vya kuazimwa.

Chukueni mfano wa kamba wa bahari. Katika bahari ile yuko kamba mkubwa mwenye gamba gumu na magando mawili ya kutisha. Matajiri wa miji humpenda sana. Wavuvi walimuuza kwa senti chache kwa wenye viwanda vya kutia kamba makoponi. Katika vikundi likazuka swali ambalo hata mtoto angeliuliza: kamba huyu tunayemuuza hapa kwa bei hii, mlaji wa Boston humnunua kwa bei gani, na kati yetu na yeye ni nani alaye tofauti? Walipoanza kupeleka kamba zao wenyewe Boston, wakiwa hai ndani ya masanduku, walipata bei iliyopita mbali ile waliyoizoea. Huko Little Dover, karibu na Canso, wavuvi waliingia mwituni wakakata miti kwa mikono yao, wakajenga kiwanda chao kidogo cha kutia kamba makoponi. Fedha za vyombo walichanga kidogo, na zilizopungua walikopa, Padri Tompkins akiwasaidia kupata mkopo.

Mnaona, wasomaji, kwamba kiwanda kilikuja mwisho? Siku ya kukifungua, kila mvuvi alijua gharama ya kopo, bei ya Boston, na deni lililobaki. Hakuna aliyeweza kumwambia: «Fedha gani?»

SENTI KUMI ZA LÉVIS

Tena walihitaji sanduku la akiba na mikopo, ili mtu asirudi kwa mfanyabiashara kila mtoto anapougua. Wazo hili hawakulibuni wao. Katika karne ya 19 Friedrich Wilhelm Raiffeisen alilianzisha kati ya wakulima wa Ujerumani. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins akalipanda Lévis, katika jimbo la Quebec. Mtu wa kwanza kuweka akiba kwa Desjardins alileta senti 10, na siku ile ya kwanza zilikusanyika dola 26 na senti 40 tu. Leo sanduku lile limekuwa mojawapo ya mashirika makubwa ya fedha ya Kanada. Hakika, haba na haba hujaza kibaba.

Mwaka 1932 jimbo la Nova Scotia lilitoa sheria ya kuruhusu masanduku ya namna hiyo, na mara moja yakaanza kuzaliwa katika vijiji vya wavuvi na katika machimbo ya makaa ya mawe. Lakini angalieni: watu walikaa kwanza wakijifunza jinsi akiba inavyotunzwa, mkopo unavyotolewa, na hesabu inavyokaguliwa. Ndipo wakafungua sanduku.

Mfano wanipendezao kuliko yote ni ule wa Reserve Mines, mahali pa wachimba makaa, ambapo Padri Tompkins alihamia miaka ile ya 1930 akafungua maktaba ya watu wote. Wachimba makaa walikuwa wakiishi katika nyumba mbovu za kupanga. Kikundi kimoja kikaanza kujifunza habari ya nyumba: bei ya kiwanja, ya mbao na ya misumari, riba, na sheria. Walisaidiwa na mwanamke mmoja aliyetoka New York, Mary Arnold, aliyekuwa mjuzi wa vyama vya ushirika. Walitengeneza kwanza vielelezo vidogo vya nyumba kwa karatasi ngumu, kila jamaa ikaona mlango wake utakuwa wapi na jiko lake wapi. Mwaka 1938 zikasimama nyumba 11, zilizojengwa na wachimba makaa wenyewe baada ya saa za kazi. Mtaa ule uliitwa Tompkinsville. Katika mwaka huo huo vikundi vya mafunzo vya nchi ile vilikuwa zaidi ya 1,000, vyenye watu wapatao 10,000.

MAFIGA MATATU

Sasa nirudi kwenye swali la kijana wetu. Wataalamu wa siku hizi wana majina makubwa: ubunifu wa kijamii, ujasiriamali, mabadiliko ya jamii. Tusiyaogope. Kila mmoja wetu ameona mafiga matatu ya mama yake.

Figa la kwanza ni wazo jipya linalojibu shida ya watu. Kukaa jikoni na kuuliza nani alaye tofauti, hilo lilikuwa wazo jipya. Halikugharimu kitu, lakini halikuwako kabla. Figa la pili ni kazi yenye hesabu: kiwanda, duka, sanduku, kazi iwezayo kujilisha yenyewe bila kumngoja mfadhili. Figa la tatu ni watu wenyewe kugeuka katika maisha yao ya pamoja: nani apanga bei, nani asema mkutanoni, nani asoma daftari.

Wazo bila kazi ni hotuba. Tumezisikia nyingi, nasi tumelala na njaa. Kazi bila figa la tatu humtajirisha mmoja. Sisemi kwamba kutajirika ni dhambi. Mwenye duka aliye mwaminifu, asiyepunguza kipimo na awalipaye watumishi wake kwa haki, afanya kazi njema, na kijiji kisicho na mtu wa namna hiyo kina shida. Lakini mdogo wangu, elewa tofauti. Mjomba wako akikupa mtaji, ukawa wewe mwenye duka badala ya yule wa zamani, kijiji kimebadili mwenye daftari tu. Deni ni lile lile. Jamii haijageuka.

Na mashine yetu? Ilikuwa na figa la pili peke yake, tena la kuletewa. Chungu kilisimama miezi minne, kikamwagika.

Coady mwenyewe alifundisha kwamba elimu ya watu wazima sharti ianzie katika mambo ya tumbo na mfuko, kwa maana hapo ndipo panapowauma; lakini isiishie hapo. Lengo lake la mwisho lilikuwa mtu mzima, mwenye shule, mwenye afya, mwenye sauti katika nchi, mwenye kumjua Mungu bila kudharauliwa na wanadamu. Kitabu alichokitoa mwaka 1939 kina jina linalosema kwamba watu wawe mabwana wa maisha yao wenyewe.

WALIPOSHINDWA

Nisingekuwa mkweli kama ningewaambieni kwamba yote yalifanikiwa. Coady alitumaini kwamba vyama vya ushirika vingegeuza uchumi wote wa nchi ile. Haikuwa hivyo. Mafunzo ya jikoni yalipungua baada ya miaka ile ya 1930. Watu wengine walipenda duka bila kupenda darasa. Wanachama wapya waliingia wakitafuta bei nafuu tu, na vyama vingi vilidhoofika au kufungwa. Bahari nayo ilichoshwa na meli kubwa za uvuvi. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ililazimika kuzuia uvuvi wa samaki mkuu wa upande wa Newfoundland, jirani wa Nova Scotia, kwa sababu alikuwa karibu kwisha, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Daftari likisomwa vizuri namna gani, samaki wakiisha, wameisha.

Hata hivyo mbegu haikufa. Masanduku ya akiba yangali yakifanya kazi Nova Scotia. Mwaka 1955, huko Jirapa, kaskazini mwa nchi ambayo sasa ni Ghana, mmisionari Padri John McNulty aliwasaidia watu kuanzisha sanduku la namna hiyo, nalo lahesabiwa kuwa la kwanza katika Afrika kusini ya Sahara. Coady alifariki mwaka 1959, na mwaka huo huo chuo kikuu cha Antigonish kilifungua chuo chenye jina lake, ambacho kimewafundisha Waafrika wengi kazi ya kuwaamsha watu wao.

NA SISI?

Wengine watasema: «Hayo ni ya wazungu, wenye sheria na amani.» Ni kweli kwamba sisi tumepata misiba yetu. Wazee wa Kinshasa wakumbuka mwaka 1991, watu walipokimbilia mchezo wa fedha ulioitwa Bindo, wakiahidiwa faida kubwa kwa siku chache. Ukaanguka, na wengi wakapoteza vyote. Baada ya hapo bei zikapanda mwaka hata mwaka, zikala akiba za watu katika masanduku yetu ya akiba hapa mashariki. Kisha vikaja vita. Mama aliyeona akiba ya miaka 10 haitoshi kununua sabuni, nani atamlaumu akiogopa neno la sanduku?

Lakini tutenganishe mambo. Bindo haikuwa na kazi ndani yake. Fedha za aliyekuja nyuma zilimlipa aliyetangulia, na hakuna mchangaji aliyesoma daftari. Hiyo ndiyo alama ya kuijua hila popote, hata inapokuja leo ndani ya simu: ukiuliza faida yatoka katika kazi gani, unaambiwa usiulize.

Tazameni upande mwingine. Likelemba tunayo tangu zamani. Akina mama wa soko huchanga kila juma au kila mwezi, na mmoja hupokea yote, kwa zamu, bila kalamu na bila polisi. Uaminifu wa namna hiyo wavuvi wa Canso wangeutamani. Kinachopungua ni hatua ya pili: likelemba humjaza mmoja leo na mwingine kesho, lakini haibaki na mfuko wa kufanyia kazi ya wote.

Tazameni pia wakulima wa kahawa wa pwani ya ziwa Kivu na wa kisiwa cha Idjwi. Wakati wa vita na baada yake wengi hawakuwa na mnunuzi wa haki, wakavusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na baadhi yao wakazama, wakaacha wajane na yatima. Tangu miaka ya 2000 wakulima wengine wameunda vyama vya ushirika, wamejenga vituo vya kuoshea kahawa, na kahawa yao inanunuliwa Ulaya na Marekani kwa jina la Kivu. Hawajamaliza shida zao. Lakini anayepima gunia mchana, mbele ya wenzake, hakosi usingizi kama avukaye ziwa gizani.

JIBU LANGU

Basi, mdogo wangu, ulitaka kujua nani asema kweli. Mjomba asema nusu ya kweli, kwa maana bila kazi yenye hesabu hakuna kitu. Mwalimu wa mkutano wa vijana asema nusu nyingine, kwa maana mtu mwenye wazo na moyo wa kuthubutu anahitajika. Pasipo Tompkins wavuvi wangelala. Padri wenu asema kweli, lakini mwambie kwa heshima kwamba ushirika usiojifunza ni mashine yetu ya kusaga.

Fanya hivi. Usipokee bado fedha za mjomba. Mwombe akungojee miezi mitatu. Tafuta watu 6 au 7 wa mtaa wako, wawemo akina mama wawili angalau, kwa maana wao ndio wajuao bei ya kila kitu. Kutaneni mara moja kwa juma, jioni, nyumbani kwa mmoja, bila pombe na bila posho. Jioni ya kwanza kila mtu ataje anachouza na anachonunua, kwa bei gani, na kwa nani. Jioni ya pili hesabuni madeni, bila kuoneana haya. Jioni ya tatu chagueni kitu kimoja, mihogo, au sabuni, au samaki wakavu, mkifuate kutoka shambani au ziwani hata kinywani mwa mlaji, mkiandika katika kila hatua nani alaye kiasi gani. Andikeni katika lugha mnayoisema wote. Daftari likae mezani, si mkononi mwa mwandishi mwenye mwandiko mzuri, na asiyejua kusoma asomewe kila jioni.

Baada ya miezi mitatu mtajua kama mna kazi ya kufanya pamoja, au kama yafaa wewe uanze peke yako. Hata ukianza peke yako, utakuwa mfanyabiashara mwingine, kwa maana utakuwa umekaa mezani na wadeni wako kabla hawajawa wadeni.

Nami sitakuachia mashauri peke yake. Mwezi jana nilirudi katika parokia ile ya zamani. Nilitafuta daftari la mashine, nikalipata chini ya vitabu vyangu, limeliwa na mchwa pembeni. Jumapili baada ya Misa niliomba ruhusa kwa padri, nikalisoma mbele ya wanachama, ukurasa kwa ukurasa, hata mahali paliponiaibisha. Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja mzee, ambaye jina lake lilikuwa katika ukurasa wa kwanza, akauliza: «Mkanda mpya ni bei gani?»

Hakuna aliyejua. Lakini jioni ile watu 9 walibaki kulitafuta jibu, na mama yule akatoa kiti chake cha jikoni kiketiwe.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu